Nyumba Kongwe, Watoto Wachanga: Nasaba ya Kuvumwani ya Vinamasi

Katika vitu ambavyo macho ya watu huvipita kila siku bila ya kuvijali, kuvumwani ni kimojawapo. Mkaazi wa Utemini, mjini Singida, aijua vizuri hata kama hajapata kuuliza jina lake. Ni ule ukijani mwororo unaotanda juu ya majabali na chini ya kuta zenye kivuli mvua zinapoanza, kisha ukakauka na kuwa mweusi kama ukoko wa sufuria miezi ya kiangazi. Watoto huukwangua kwa vijiti, na watu wazima huteleza juu yake wakaulaumu. Mvua ikirudi, nao hurudi.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za jamaa mmoja wa kuvumwani hiyo. Jamaa huyu haoti Singida, wala hawezi kuota, maana nchi yetu ya kati ni kavu na ina msimu mmoja tu wa mvua, na yeye hastahimili kiangazi kirefu namna hiyo. Wataalamu wa mimea humwita Sphagnum, nasi kwa wepesi wa ulimi tutasema sfagnamu. Makao yake ni vinamasi vya nchi za baridi na mabonde yenye maji juu ya milima mirefu.

Basi kwa nini tumsimulie mtu wa Utemini habari za mmea asiouona? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, nasaba yake ni miongoni mwa nasaba za ajabu kabisa katika mimea yote, na mwenye kuifahamu atafahamu pia jinsi elimu ya kupanga viumbe inavyofanya kazi yake. Ya pili, jamaa huyu amekwisha kuingia katika miji yetu ndani ya gunia. Ule udongo mwepesi wa hudhurungi unaouzwa katika maduka ya pembejeo kwa wenye kuotesha miche ya nyanya na pilipili hoho katika trei, ambao wakulima huuita pitimosi, ni mabaki yake. Kitu kilichofika mlangoni pako ni haki ukijue kimetoka wapi, na kimechukua muda gani hata kikawa hivyo kilivyo.

MMEA USIO NA MIZIZI

Sfagnamu iliyokomaa haina mizizi. Haina ua wala mbegu, wala haina mishipa migumu ya kupandishia maji kama ile iliyomo katika mwembe au mhindi. Ni kijiti chembamba, na kichwani pake pana kishada cha vitawi vilivyosongamana kama nyota. Chini ya kishada, vitawi hutoka kwa mafungu: vingine vimenyooka kwenda nje, na vingine vimening'inia na kukumbatia kijiti kama utambi wa taa. Kwa utambi huo maji hupanda.

Lakini ajabu yake kubwa imo katika jani. Ukilitazama kwa hadubini utaona seli za namna mbili. Ziko nyembamba, za kijani, zilizo hai, ambazo ndizo zitengenezazo chakula. Na katikati yao ziko kubwa, nyeupe, zilizokufa, tupu ndani, zenye matundu. Hizo zilizokufa ndizo mitungi ya mmea. Kwa sababu yazo, sfagnamu iliyokauka ikitiwa majini hubeba maji yenye uzito wa kiasi cha mara 20 ya uzito wake. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, pamba ilipokuwa haba, Waingereza waliikusanya vinamasini, wakaikausha na kuifungia vidonda vya askari. Kufikia mwaka 1918 vitambaa vya namna hiyo vilitengenezwa karibu milioni moja kila mwezi.

Sifa ya pili ni kwamba huyafanya maji yanayoizunguka kuwa makali kama maji ya ndimu. Hunyonya madini machache yaliyomo majini, na badala yake hutoa asidi. Katika maji makali, yasiyo na hewa ya kutosha, vijidudu vya kuozesha hushindwa kazi. Kwa hiyo sfagnamu inapokufa haiozi ikaisha, bali hulala juu ya ile iliyotangulia, na mpya huota juu yake, tabaka juu ya tabaka. Marundo hayo ndiyo mboji ya kinamasi. Mwaka 1950 wachimbaji wa mboji katika nchi ya Denmark walikuta maiti ya mtu, ndevu zake fupi zikionekana kidevuni, wakadhani ameuawa juzi. Wataalamu walipompima wakaona amekwisha lala humo kiasi cha miaka 2,400.

JINSI YA KUPANGA NYUMBA

Watu wa kwetu wajua thamani ya nasaba. Mgeni akifika, mzee humwuliza: wewe ni wa nani, na babu yako ni yupi? Wala hafanyi hivyo kwa udadisi tu. Akijua nasaba atajua pia ni nani wa kuozwa na nani si wa kuozwa, na urithi uende wapi. Kadhalika wataalamu wa mimea. Kuita mmea jina bila ya kujua ukoo wake ni kama kuwajua watu kwa nguo zao.

Waislamu wa zamani waliishughulikia sana elimu hii. Abu Hanifa Dinawari, ambaye si yule Imamu wa madhehebu, aliandika katika karne ya 9 kitabu kikubwa cha mimea na majina yake. Naye Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Málaga katika Andalusi, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya habari za dawa na vyakula zaidi ya 1,400. Hao walipanga mimea zaidi kwa majina na manufaa yake. Kuipanga kwa nasaba kulikuja baadaye.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alitoa kitabu cha kuipa kila mimea jina la maneno mawili, na humo sfagnamu ikapata jina lake. Hata hivyo Linnaeus hakuzichambua kuvumwani kwa makini. Kazi hiyo ilifanywa na Mjerumani Johannes Hedwig, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1801 ndicho kilichofanywa mwanzo wa majina ya kuvumwani zote, isipokuwa sfagnamu. Mpaka leo kanuni ya majina ya mimea yasema hivyo: kuvumwani nyingine zaanzia kwa Hedwig, sfagnamu yaanzia kwa Linnaeus. Ni kama kwamba hata daftari la majina lilitambua kuwa huyu ni mtu wa nyumba nyingine.

Na kweli ni wa nyumba nyingine. Kuvumwani ya kawaida, ile ya jabalini Utemini, huinua kikasha chake cha vumbi la uzazi juu ya kikonyo kilicho sehemu ya kikasha chenyewe. Kikasha cha sfagnamu hakina kikonyo cha namna hiyo, bali ni mmea mama unaorefusha kijiti laini na kumwinua mtoto wake. Kuvumwani nyingi zina meno mdomoni mwa kikasha, ambayo hufunguka na kufunga na kutoa vumbi kidogo kidogo. Kikasha cha sfagnamu hakina meno. Jua likikipiga hunywea, hewa ya ndani ikabanwa, kifuniko kikaruka kwa kishindo, na vumbi likarushwa juu sentimita 10 na zaidi. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani, Whitaker na Edwards, walionyesha kwa picha za kasi kuwa vumbi hilo huenda kwa mzunguko kama pete ya moshi, na ndiyo sababu hufika juu hivyo hata likapokewa na upepo. Ukiongeza vitawi vya mafungu na zile seli za namna mbili, utaona kwamba tofauti si ya nguo, ni ya damu. Kwa hiyo sfagnamu imepewa ngazi yake yenyewe ndani ya kuvumwani.

Lakini ndani ya nyumba hiyo mpango ulikuwa mgumu. Mjerumani Carl Warnstorf alitoa mwaka 1911 kitabu kinene chenye sfagnamu za dunia nzima, akazipambanua kwa umbo la majani na matundu ya seli. Waliomfuata wakaona shida: mmea uleule ukiota majini huwa na umbo moja, na ukiota kwenye kichuguu kikavu huwa na jingine. Jingine zaidi, sfagnamu mbili tofauti huweza kuzaliana na kuacha chotara anayefanana na wazazi wote wawili. Ndiyo maana hata leo hesabu ya spishi zake hutajwa baina ya 250 na 450, kwa kadiri ya mwenye kuhesabu.

Msaada ulikuja pale ilipowezekana kusoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila seli. Hapo mambo mawili yalidhihirika. La kwanza, walioonekana ndugu si wote ndugu. Mwaka 1990 ulielezwa mmea wa ajabu kutoka Tasmania, kusini ya Australia, ukaitwa sfagnamu. Baadaye ikaonekana kuwa umeachana na wenziwe zamani mno, ukapewa jina lake mwenyewe, Ambuchanania. Mwaka 2010 wengine wachache wa Asia, Pasifiki na Amerika ya Kusini wakatengwa vilevile, wakaitwa Flatbergium na Eosphagnum. Kwa hiyo nyumba hii sasa ina milango minne. Mitatu ina watu wachache tu, na wa nne, Sphagnum mwenyewe, ana mamia, waliogawanyika katika matawi makubwa matano.

La pili, walioonekana mtu mmoja si lazima wawe mmoja. Ilikuwako sfagnamu nyekundu iliyopewa jina tangu mwaka 1798 kwa ajili ya mlango wa bahari wa Magellan, kule ncha ya Amerika ya Kusini. Kwa zaidi ya miaka 200 watu walidhani ndiyo hiyohiyo iliyo Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mwaka 2018 vinasaba vilionyesha kuwa ni watatu. Jina la zamani likabaki kwa yule wa kusini, na wa kaskazini wakapewa majina mengine mawili.

ASILI YAKE

Mimea ya kwanza kuishi nchi kavu ilitoka majini miaka milioni 470 hivi iliyopita. Katika wazao wake, baadhi walijenga mishipa na mizizi, na kutoka kwao ikaja miti, nyasi na mimea yote ya mashamba yetu. Wengine walibaki wafupi, wakinywa maji kwa mwili mzima. Kuvumwani ni katika hao wa pili. Nao kuvumwani walipoanza kuachana wao kwa wao, sfagnamu ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kushika njia yake.

Ushahidi umo mawemwini. Mwaka 1960 Maria Neuburg, mtaalamu wa Urusi, alitoa kitabu cha kuvumwani zilizogeuka mawe, zilizotoka katika matabaka ya zama za Permi, ambazo zilikwisha yapata miaka milioni 252 iliyopita. Baadhi ya majani hayo yalikuwa na seli za namna mbili kama za sfagnamu. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walitangaza mabaki madogo sana kutoka jimbo la Wisconsin, yenye miaka milioni 455 hivi, ambayo nayo wayaona yafanana na nyumba hii.

Kwa hiyo mtu angetazamia kuwa sfagnamu zote zilizo hai ni wazee wa kale. Sivyo. Jonathan Shaw wa Chuo Kikuu cha Duke na wenziwe, walipolinganisha vinasaba vya sfagnamu za pande nyingi za dunia, waliona mwaka 2010 kwamba matawi makubwa ya leo yalichanua katika muda wa baina ya miaka milioni 7 na 20 tu iliyopita. Mbele ya miaka mamia ya milioni, hiyo ni jana jioni. Nao wakaelekea kuona sababu yake: ndicho kipindi ambacho dunia ilianza kupoa, na vinamasi baridi vikaenea upande wa kaskazini.

Mfano wake ni mbuyu uliosimama peke yake karne nyingi, matawi yake ya kale yamekatika moja baada ya jingine, shina limebaki. Kisha ikaja mvua ya miaka michache, shina likachipua machipukizi mengi kwa mara moja. Nyumba ni kongwe, lakini watoto ni wachanga. Kila kundi la watoto hao likashika mahali pake: wako wakaao vichuguuni, na wako wakaao katika vidimbwi, na tabia hiyo yaendelea katika ukoo. Kwa hiyo kinamasi kimoja huwa kama mtaa wenye majirani wa koo mbalimbali, kila mmoja na ngazi yake ya maji.

Elimu hii yatueleza namna na wakati. Hekima ya Aliyeumba haipimwi kwa hadubini. Lakini mwenye kutazama kwa haki hatoki hapo ila na unyenyekevu.

MILIMANI KWETU

Afrika ya Mashariki haikunyimwa mmea huu. Katika mabonde ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, wapandao mlima hupita kinamasi cha Bigo, mita 3,400 hivi juu ya bahari, ambako sfagnamu hujaza nafasi baina ya vichuguu vya nyasi. Mlima Kenya pia inaota. Mmoja wa jamaa wa milima yetu ni Sphagnum davidii. Tazama umbali: milima hii imesimama kama visiwa katika bahari ya nchi yenye joto, na vumbi jepesi la uzazi ndilo chombo chake cha safari.

Lakini tusidhani kuwa mboji yote ni ya sfagnamu. Katika nchi zetu za joto mboji nyingi hutokana na mafunjo, nyasi na miti. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kuwa katikati ya bonde la Kongo iko mboji iliyoenea kilometa za mraba 145,500, yenye tani bilioni 30 hivi za kaboni. Vipimo vya mwaka 2022 viliifikisha kilometa za mraba 167,600. Hiyo ni mboji ya misitu iliyozama. Rwanda, ambako mboji huitwa nyiramugengeri, ilifungua mwaka 2017 kituo cha Gishoma, wilayani Rusizi, cha kuichoma ili kupata umeme wa megawati 15. Na hapa kwetu Tanzania, juu ya milima ya Uluguru, kinamasi cha Deva-Deva kimehifadhi chavua za mimea za kiasi cha miaka 48,000. Wataalamu waliisoma kama wasomavyo daftari, wakaona kuwa msitu wa mlima ule ulistahimili mageuko makubwa ya hali ya hewa yaliyoikumba dunia.

GUNIA LILILO MLANGONI

Sasa na turudi katika gunia. Vinamasi vya mboji vyachukua kiasi cha asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini kaboni iliyomo ndani yake yapita ile ya miti ya misitu yote. Maadamu kinamasi kimejaa maji, kaboni hiyo imelala. Kikikaushwa, hewa huingia, kuozesha huanza, na kaboni ikapanda angani kuzidisha joto ambalo mkulima wa Singida hulilipa kwa mvua zilizopotea njia.

Mboji ya sfagnamu huongezeka kiasi cha milimita moja kwa mwaka, na pengine chini ya hapo. Fanyeni hesabu hii, enyi vijana. Mita moja ni milimita 1,000. Shimo la mita moja katika kinamasi cha Kanada au Latvia, nchi ambazo huchimba na kuuza, ni kazi ya miaka 1,000. Mtu aliyezaliwa Makka zama za Hijra angerudi leo, asingekuta mboji ya wakati wake imezidi mita moja na nusu. Nasi twaijaza kwenye trei, twaotesha miche wiki chache, kisha imekwisha.

Hatusemi kuwa mwenye kuotesha miche amefanya kosa. Ametafuta riziki ya halali, na pitimosi ni nyepesi, haina magugu, na hushika maji kwa ile mitungi tuliyoieleza. Tusemalo ni kuwa kitu cha miaka 1,000 kisitumiwe kama kitu cha bure, na hasa pale penye badala. Makumbi ya nazi ya pwani yetu, yakisagwa na kuoshwa chumvi, hushika maji vizuri nayo hupatikana upya kila mavuno. Wengine huchanganya samadi iliyooza sawasawa, mchanga, na pumba za mpunga zilizounguzwa. Mwenye trei kumi ajaribu mbili kwa mchanganyiko huo msimu huu, alinganishe miche yake, na ajirani naye aone. Jaribio hilo halina hasara kubwa, na huenda likampunguzia gharama pia.

Na mvua zitakapoanza, mzazi wa Utemini amchukue mwanawe hadi kwenye jabali lililo karibu, wamwagie maji kidogo kuvumwani iliyokauka, wangoje dakika chache. Wataiona ikifunguka na kurudi kijani. Hiyo ni binamu ya mbali ya sfagnamu. Waliachana kabla ya kuwako ua lolote duniani, na kila mmoja amehifadhi alichopewa. Mtoto akiuliza jina lake, na aambiwe; na akiuliza ni wa nani, sasa jawabu lipo.